Siku Nilizomshika Malogo Mkono

Vijana wangu, mkimwona mtu mzima anahangaika mbele ya kompyuta, msianze na kicheko. Muulizeni kwanza nani alimfundisha, na kama huyo mwalimu aliwahi kumshika mkono. Mimi nimefanya kazi masjala, yaani chumba cha mafaili ya ofisi, tangu nikiwa binti mwembamba mpaka nilipostaafu nikiwa hivi mnavyoniona. Nimefungua na kufunga makabati ya chuma hadi bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Lakini nikiulizwa kazi ilinifundisha nini, huwa narudi kwenye ile miezi tulipoletewa kompyuta.

Ofisi yetu ilikuwa Dodoma mjini, upande ambao king'ora cha treni kikilia mnasimamisha mazungumzo. Masjala tulikuwa wawili tu wa kudumu. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Malogo, Mgogo wa hapahapa, mrefu, mpole, mwenye vidole vinene vya mtu anayelima. Alikuwa na shamba la zabibu kule Mpunguzi, na mikono yake ilikuwa imekomaa kwa mkasi wa kupogolea. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa hiyo tulikuwa watani, na tulitaniana tangu asubuhi hadi jioni. Yeye aliniambia babu zangu walipita Ugogo na mizigo kichwani wakaiba maji ya kunywa kisimani kwao. Mimi nilimwambia mlenda umemlainisha mpaka akili. Mgeni akiingia anadhani tunagombana, anarudi nje kusubiri amani.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba faili likitoka kabatini, mahali pake panawekwa kadi inayosema limekwenda kwa nani. Alinifundisha kutolamba kidole ninapopekua, kwa sababu vumbi la mafaili ya zamani linakwenda moja kwa moja kifuani. Na alinifundisha kapu.

Kapu lenyewe ni hivi. Dodoma kiangazi kikishika, upepo hauombi ruhusa. Unaingia dirishani na mchanga wake, unachukua karatasi za mezani na kuzitawanya mpaka barazani, na mara moja tuliwahi kuokota dokezo la mkuu wa idara kwenye sahani ya mama muuza vitumbua ng'ambo ya barabara. Basi masjala yetu ilikuwa na desturi yake. Karatasi ambayo haijaamuliwa, inayosubiri saini au jibu, haikai mezani. Inawekwa kwenye kapu la ukindu chini ya meza, ambako upepo haufiki. Taka tulikuwa tunatupa kwenye boksi mlangoni. Kapu lilikuwa mahali pa heshima, na mfagiaji alijua kwamba akiligusa atalia.

Sasa subirini muone kapu hilo lilivyotuponza.

Kompyuta zilipokuja ziliwekwa kwenye chumba chenye zulia, na tukaambiwa tuvue viatu mlangoni ili vumbi lisiingie. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya teknolojia kwetu. Tukaingia na soksi, wenye soksi nzima na wenye soksi zinazochungulia vidole, wakubwa kwa wadogo, na nadhani nusu ya woga wa siku ile ulikuwa wa soksi. Katibu muhtasi wa bosi alikuwa amekwisha kushonea kila mashine kitambaa cha kufunika, cheupe, chenye maua pembeni. Mashine zilikaa pale zimefunikwa kama vyombo vya harusi.

Mwalimu wetu aliitwa Zuhura, msichana Msandawe kutoka Chemba, aliyemaliza chuo karibuni. Alikuwa anajua kazi yake, na alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila sentensi yake kwa Mzee Malogo ilianza na heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba, kama hutajali mzee, usogeze mausi kidogo kuume."

Mausi ni kile kidude cha kiganjani chenye waya, na kwenye kioo kuna mshale unaokifuata. Ninyi mmezaliwa mnalijua hilo. Sisi tuliona mshale mdogo mweupe umekaa katikati ya kioo, na tukaambiwa huo ndio mkono wetu. Mimi siku ya kwanza nilikishika kwa mikono miwili. Mwenzetu wa uhasibu alikinyanyua akakielekeza kwenye kioo kama anayemrushia mtu kitu. Mzee Malogo alikisogeza kuume kama alivyoombwa, akasogeza, akasogeza, mpaka kikafika ukingoni mwa meza. Mshale ulikuwa bado haujafika alikotumwa. Akasimama hapo, akamtazama Zuhura, akasema meza imekwisha, wamletee nyingine.

Kwa hiyo nawapa la kwanza la kazi, kama mtamfundisha mtu: mwambieni mapema kwamba mausi inanyanyuliwa. Ukifika ukingoni, inyanyue, irudishe katikati, endelea. Mshale haujali inapokuwa hewani. Jambo hili hakuna anayelisema kwa sababu kila anayelijua amesahau kwamba kuna siku hakulijua.

Zuhura alieleza vizuri kwa maneno. Alituambia kile kioo cha kwanza, kabla hujafungua chochote, kinaitwa deskitopu, nacho ni meza yako ya kazi. Vile vipicha ni vitu vilivyo mezani. Folda ni jalada. Na pale pembeni, alisema akionyesha kwa kidole, kuna kapu.

Mimi na Mzee Malogo tukatazamana. Kumbe waliotengeneza kitu hiki ni watu wa masjala.

Tangu siku hiyo, kila barua tuliyojifunza kuandika na ambayo haijakamilika, tuliiburuta tukaiweka kapuni. Asubuhi tulilifungua, tukazirudisha mezani, tukaendelea. Ilifanya kazi vizuri. Zuhura hakugundua, maana kila alipotuona kapu lilikuwa linafunguliwa na kufungwa kwa nidhamu. Siku moja akaja kusafisha mashine, akaona kapu limejaa, akabonyeza mara moja likawa tupu. Alipotuambia amesafisha, Mzee Malogo alivua miwani. Akamuuliza kwa upole kama huko kwao Chemba wana kawaida ya kuchoma karatasi ambazo hazijasainiwa. Yule binti alipoelewa tulichokuwa tunafanya, alikaa chini kwenye zulia akacheka mpaka akajifunika ushungi. Mimi nilichukia siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimeandika dokezo zuri.

Lakini sikuanza habari hii kwa ajili ya dokezo.

Mzee Malogo alikuwa na mke, Mama Chiloleti, aliyepatwa na kiharusi. Upande mmoja ulikufa, na maneno yakapotea karibu yote. Binti yao Chiloleti aliacha biashara zake akarudi nyumbani Chang'ombe, hiyo ya hapahapa Dodoma, kumwuguza mama. Aliweza kumwogesha, kumgeuza, kumvalisha. Kumlisha hakuweza. Mama yule alifunga meno kwa kila mtu isipokuwa mumewe. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo una mambo yake, usimlaumu mtu. Basi kila siku saa saba mchana, Mzee Malogo alipanda baiskeli, akaenda Chang'ombe, akamlisha mkewe uji na ndizi za kupondwa, akarudi ofisini na jasho. Mabosi walijua na hawakusema kitu. Nilikwenda siku moja kumjulia hali mgonjwa nikamkuta mzee amepiga magoti na kijiko, anamwambia kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa, na yule mama anafungua kinywa. Niliwahi kuona ndoa nyingi za kupiga picha. Ile ilikuwa ndoa.

Ndipo likaja tangazo. Ofisi ilikuwa inapanuka, wenzetu kutoka Dar es Salaam walikuwa wanahamia, na masjala itaendeshwa kwa kompyuta. Kila mhudumu wa masjala atapimwa kwa vitendo. Atakayefaulu anabaki. Asiyefaulu atapelekwa kutunza mafaili ya zamani kwenye ghala la Gulwe, karibu na stesheni.

Gulwe si mwisho wa dunia, wapo watu wema na mahindi yao. Lakini kutoka Gulwe huwezi kupanda baiskeli saa saba ukafika Chang'ombe kumlisha mtu. Na kuhamia huko na mgonjwa daktari alikataa, alisema barabara ile itamrudisha nyuma, na mazoezi ya viungo yako hospitali ya mjini. Hivyo hesabu ilikuwa nyepesi. Mzee Malogo akishindwa mausi, Mama Chiloleti hatakula.

Alishindwa.

Nilikuwepo mlangoni, zamu yangu ilikuwa imepita salama. Mpimaji alitoka makao makuu, bwana mmoja nadhifu, si mtu mbaya. Alimwambia afungue folda fulani. Kufungua ilikuwa kubofya mara mbili haraka. Sasa ninyi hamjui ubofyaji huo ni mgumu kiasi gani kwa mkono wa jembe. Kidole kinene kinabofya, mkono unatikisika kidogo, kinabofya tena, na kati ya bofyo na bofyo kipicha kimeshaburutwa mahali pengine. Folda ikahama juu. Akaifuata, ikahama pembeni. Mpimaji akamwambia basi, chukua barua hii uihifadhi mahali salama. Mzee Malogo akapangusa jasho, akaiburuta barua kwa uangalifu mkubwa, akaiweka kapuni. Mkono wa kuzoea kazi ukiwa na hofu unakwenda unakokujua.

Mpimaji aliandika alichoandika. Kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa na utumishi wake mrefu, alimpa nafasi ya pili, kabla ya kurudi kwake makao makuu. Siku zilikuwa chache.

Jioni ile nilimkuta Zuhura ukumbini, macho mekundu. Nikamuuliza ana nini.

"Mama Kulwa, nimeshindwa kumfundisha yule mzee. Kosa liko kwenye mkono wake. Anaukaza. Nikimwambia aulegeze haelewi, mpaka mtu auweke mkono wake juu ya ule wa mzee, ndipo aone."

"Sasa si uuweke?"

Alinitazama kama niliyemwambia apande mezani. "Mimi? Nimshike mkono mzee kama yule, mbele za watu? Baba yangu akisikia..."

Hapo nikaelewa. Miezi yote ile Zuhura alikuwa anafundisha kwa mbali. Sisi wengine alitushika, akatuongoza vidole, tukajua. Mzee Malogo peke yake alimpa maneno matupu na shikamoo. Ofisi nzima ilikuwa inamheshimu hivyo. Hakuna aliyemkosoa, hakuna aliyemwambia "sivyo", wote walimwambia "vizuri mzee, jaribu tena". Alikuwa anazama na kila mtu amesimama ukingoni amekunja mikono kwa adabu. Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa na wa kumwangukia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefanya ubaya.

Nikakumbuka kwamba mimi ni mtani wake. Mtani hana adabu hiyo, hajapewa.

Kesho yake chai ilipoletwa, nikaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni yake. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Nyie watu mnachunga ng'ombe mia porini bila kupotea hata ndama, leo kipanya kimoja cha plastiki kinakutoa jasho?"

Akageuka. Nikaona uso wake umeanza kufunguka. "Na wewe mchukuzi, tua kwanza mzigo wa babu yako ndipo useme na watu."

"Nimeshautua. Lete mkono."

"Mkono wa nini?"

"Lete, nimesema."

Nikaukamata mkono wake wa kulia, nikauweka juu ya mausi, na wangu nikauweka juu ya wake. Katibu muhtasi alisimama na birika la chai hewani. Na mimi nilichokisikia chini ya kiganja changu ni mkono uliokazwa kama unashika nyoka. Nikaupiga kofi dogo.

"Legeza! Unamnyonga nani?"

Watu wakacheka, naye akacheka, na alipocheka mkono ukalegea. Ndiyo siku mausi ilipoanza kumtii.

Tulifanya hivyo kila siku wakati wa chai na baada ya saa za kazi, kabla hajapanda baiskeli. Nilimtukana vizuri. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyataja hapa, naye alinirudishia. Akibofya vibaya nampiga vidole. Akibofya vizuri namwambia leo Mgogo kaamka. Zuhura alikuja akasimama nyuma yetu, na alipoona linawezekana akaanza kuninong'oneza la kumwambia, nami namfikishia kwa lugha yangu. Tukawa walimu wawili wa mwanafunzi mmoja, mmoja ana elimu na mwingine ana ruhusa.

Zuhura ndiye aliyetutoa kwenye tatizo la kubofya mara mbili. Aliniambia hakuna sheria inayolazimisha. Bofya mara moja tu kipicha kikolee rangi, halafu achia mausi kabisa, bonyeza Enta kwenye kibodi. Kitafunguka vilevile. Mkono unaotetemeka hauna neno na Enta. Likumbukeni hilo mtakapowafundisha wazazi wenu, litawapunguzia magomvi.

Ila bado kulikuwa na jambo. Mzee Malogo alikuwa anaangalia mkono wake. Anatazama mausi chini, anaisogeza, anainua macho kutafuta mshale, haupo alipouacha. Nilimtukana kwa hilo siku mbili bila faida. Mwishowe nikachoka, nikamuuliza swali la kawaida tu, anapopogoa zabibu anaangalia wapi.

"Naangalia jicho la mzabibu, pale unapochipulia, nijue nikate juu yake au chini."

"Na mkasi?"

"Mkasi wa nini niuangalie? Uko mkononi."

Akainua macho kwenye kioo, akaacha mkono ufanye unavyojua, na mshale ukaenda taratibu mpaka kwenye folda ukasimama. Alirudia. Nami sikumtania, nilinywa chai yangu ikiwa imepoa.

Mengine yalikuwa madogo madogo, lakini madogo hayo ndiyo humwangusha mtu. Kulikuwa na dirisha la kwenye kioo linalopunguzwa. Umeandika barua, unabofya kialama kile cha kistari juu kwa bahati mbaya, na barua inatoweka. Moyo unashuka. Kumbe haijaenda popote, imekaa kwenye mstari wa chini wa kioo, inakusubiri uibofye. Mzee Malogo alipoelewa hilo alisema ni kama mbuzi aliyeingia zizini, humwoni lakini yumo. Kulikuwa na uvivu wa mashine. Unafungua kitu, hakuna kinachotokea, unabofya tena, na tena, halafu mashine inazinduka na kukufungulia madirisha yote uliyoomba. Nilimwambia ukishabonyeza Enta, weka mikono mapajani. Subiri. Mashine ya serikali nayo ina foleni zake.

Na kapu. Hilo nilimfundisha kwa ukali wote nilionao. "Hili si la ukindu. Humu hamna kinachosubiri. Ukitia humu, umetupa." Alinijibu kwamba ni mpango wa kipumbavu kuweka picha ya chombo kizuri na kukifanya jalala. Mpaka leo nakubaliana naye.

Siku ya kipimo cha pili mpimaji alichelewa. Tuliambiwa saa nne, akaingia saa sita imepita. Nilimwona Mzee Malogo anaangalia saa ya ukutani, na nilijua haangalii kwa ajili ya mpimaji. Akavua viatu, akaingia, akakaa. Mimi na Zuhura tulibaki mlangoni, tumekatazwa kusema. Tulishikana mikono bila kujua.

"Fungua folda ya barua zilizoingia, mzee."

Macho kwenye kioo. Mshale ukaenda. Bofyo moja, akaachia, Enta. Hakuna kilichotokea. Akaweka mikono mapajani.

Mpimaji akasubiri. "Mzee, umekwama?"

"Sijakwama. Nasubiri yenyewe."

Kioo kilikuwa kimeganda, saa ya ukutani inatembea, na mpimaji ameshaegemeza kalamu kwenye karatasi. Zuhura alikuwa anasoma dua chini chini. Kisha folda ikafunguka, moja tu, safi. Mpimaji akainua kalamu.

Akamwambia ahamishe barua kwenda folda nyingine, akahamisha. Akamwambia ibadilishe jina, akabadilisha, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, huku sisi tukizeeka mlangoni. Akamwambia kuna barua mbili hapa, moja inasubiri saini na moja haihitajiki, ashughulike nazo. Mzee Malogo akalitazama kapu kwa muda mrefu. Mkono ulianza kwenda na ile ya kusubiri saini. Nilijiuma mdomo. Ukasimama njiani, ukairudisha, ukachukua nyingine.

"Bwana," alisema bila kugeuka, "hili kapu lenu mngelichora kama boksi."

Mpimaji alicheka kwa mara ya kwanza. Akaanza kumweleza kwamba amefanya vizuri na matokeo rasmi yatakuja, lakini Mzee Malogo alikuwa ameshasimama. Saa saba ilikuwa imepita. Alichukua viatu vyake mkononi, akatupita mlangoni bila kutuona, na tulimwona dirishani akiondoka na baiskeli, kamba za viatu hazijafungwa. Zuhura alilia. Mimi nilimwambia aache ujinga, halafu nikaenda chooni nikalia mwenyewe.

Alibaki. Masjala yetu ikageuka, makabati yakapungua, na mzee akawa anatumia kompyuta vizuri kabisa, si kwa kasi, ila bila kupoteza kitu. Watu kutoka idara nyingine walipokwama walimwita. Aliwashika mikono bila kuuliza, wake kwa waume, na aliyeshtuka alimwambia ndivyo yeye alivyofundishwa na kichaa mmoja wa Tabora. Saa saba alikuwa anaondoka kama kawaida.

Mama Chiloleti aliishi muda mzuri baada ya hapo, kuliko daktari alivyotegemea. Alifariki msimu wa mavuno ya zabibu. Msibani nilifanya kazi yangu ya utani, nikakaa kwenye kiti cha mfiwa nikagoma kuondoka mpaka nipewe soda, watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mzee Malogo naye alitabasamu kidogo. Kisha matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake.

Haukupita muda akaomba uhamisho. Kwenda Gulwe, kwenye lile ghala la mafaili ya zamani. Kule hakukuwa na kompyuta hata moja. Ofisa utumishi alidhani amekosea, akamwita amuulize mara mbili. Mimi nilimfuata mezani kwake nikiwa na maneno yangu tayari.

"Wewe mzee una wazimu? Tumevunjika mikono kukufundisha kidude hiki, ofisi nzima sasa inakutegemea, halafu unakwenda kukaa na mende?"

Alikuwa anafunga programu moja moja, kwa utaratibu, mpaka kioo kikabaki na ile picha ya mwanzo tu. Hakunirudishia tusi. Nilisubiri, halikuja.

"Mtani," alisema, "mimi kompyuta sikuipenda hata siku moja. Nilikuwa nataka ikifika saa saba niwe nyumbani. Sasa saa saba ikifika nipo hapa, baiskeli ipo pale nje, na sina pa kwenda."

Akazima mashine.